"K2 Yangu": Ufupisho wa Simu, Sheng na Kiswahili Sanifu Mjini Eldoret

Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi walimu wa Kiswahili nchini Kenya wamekuwa wakilalamika kwamba simu ya mkononi inaiharibu lugha. Lalamiko hili husikika katika vyumba vya walimu, katika barua za wasomaji magazetini na katika mikutano ya wazazi. Wala si la Kiswahili peke yake, kwani walimu wa Kiingereza nao wana lao lililo sawa na hilo: kwamba mwanafunzi huandika "u" mahali pa "you", na "coz" mahali pa "because". Juu ya simu huongezwa Sheng, na viwili hivi hutajwa daima kama pacha. Hatimaye hutolewa hukumu: wanafunzi wa leo hawajui kuandika, na waliowapoteza ni simu na Sheng.

Makala haya yanakusudia kuihakiki hukumu hiyo. Hayakusudii kuipamba Sheng, wala hayakusudii kuishusha hadhi lugha sanifu. Yanauliza swali moja tu: mwanafunzi anapoandika vibaya, kosa liko wapi hasa? Mji wa Eldoret umechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji wa bara unaokutanisha lugha nyingi. Katika mitaa kama Langas, Huruma, Munyaka na Kapsoya, Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wakisii, Wajaluo na Waturkana huishi pamoja, na miongoni mwa jamii hizo hapana hata moja ambayo Kiswahili ni lugha yake ya jadi. Pili, Kiswahili cha uwanda huu wa Uasin Gishu kina historia ambayo walalamikaji huisahau, nayo ndiyo inayosaidia kulijibu swali.

Ili mjadala usielee hewani, yafaa kuanza na sentensi moja. Imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila anayepokea ujumbe wa vijana ataitambua:

"Xaxa msee, k2 yangu imepotea. 2taonana wp bdae?"

Kwa Kiswahili sanifu ingekuwa: "Habari, rafiki? Kitu changu kimepotea. Tutaonana wapi baadaye?" Mlalamikaji huisoma sentensi ya kwanza akaona uchafu mmoja tu. Kwa hakika ndani yake mna mambo matatu yaliyo mbalimbali, na kila moja lina asili yake na uzito wake. La kwanza ni la tahajia, la pili ni la msamiati, na la tatu ni la sarufi. Kuyachanganya matatu hayo ndiko kunakoipotosha hukumu.

Tahajia

Maandishi "xaxa", "k2", "2taonana", "wp" na "bdae" ni suala la tahajia tu. Maneno yenyewe ni ya Kiswahili sanifu: sasa, kitu, tutaonana, wapi, baadaye. Kilichobadilika ni vazi lake. Hata matumizi ya "sasa" kuwa maamkizi ni jambo la mazungumzo ya Kenya, ambalo simu haikulizua.

Asili ya vazi hilo yajulikana. Arafa ya kwanza ilipelekwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kipimo cha arafa moja kilikuwa alama 160, nafasi baina ya maneno zikihesabiwa. Nchini Kenya arafa zilienea baada ya mwaka 2000, kampuni za Safaricom na KenCell zilipoanza kushindana. Simu za wakati huo zilikuwa na vitufe vya tarakimu, na kila kitufe cha herufi kilibeba herufi tatu au nne. Herufi "s" ilikuwa ya nne katika kitufe cha 7, hivyo ilitaka kubonyezwa mara nne. "X" ilikuwa ya pili katika kitufe cha 9, ikatosha mara mbili. Basi kuandika "sasa" kulidai mibonyezo 10, na "xaxa" 6. Kuandika "sijui" kulidai mibonyezo 13, na "cjui" 9. Asemaye kwamba "xaxa" haifupishi chochote, kwa kuwa ina herufi nne sawasawa na "sasa", amezihesabu herufi akakisahau kidole.

Siku hizi simu nyingi zina kioo cha kugusa, na "s" hupatikana kwa urahisi ule ule wa "x". Sababu imekwisha, lakini desturi imebaki na kugeuka alama ya ujana. Jambo hilo si geni katika historia ya maandishi. Kiingereza chenyewe, ambacho watetezi wake hulalamika zaidi, bado huandika "knight" kwa herufi ambazo hapo kale zilitamkwa na leo hazitamkwi.

Hapa hapana budi kuzitofautisha lugha hizi mbili, maana wengi huchukua yaliyosemwa juu ya Kiingereza wakayavika Kiswahili. Mwanaisimu David Crystal, katika kitabu alichokitoa mwaka 2008, alionyesha kwamba vifupisho vya simu vina mizizi mirefu kuliko simu na kwamba haviiangamizi lugha. Uchunguzi wa Beverly Plester, Clare Wood na wenzao miongoni mwa watoto wa Uingereza nao haukuona kwamba watoto waliotumia vifupisho walikuwa dhaifu katika kusoma. Bali ulionyesha uhusiano baina ya matumizi hayo na wepesi wa kutambua sauti za maneno. Matokeo haya ni ya kutia moyo, lakini hayawezi kuletwa Eldoret jinsi yalivyo. Tahajia ya Kiingereza iko mbali na matamshi yake, na mtoto aandikaye "gr8" huivuta tahajia iyakaribie matamshi. Katika Kiswahili umbali huo haupo, kwani neno huandikwa kama litamkwavyo. Basi mfupishaji wa Kiswahili hufanya nini?

Hufanya mambo mawili. Jambo la kwanza ni kuziacha irabu. "Wp" ni wapi, "nn" ni nini, "km" ni kama, "vp" ni vipi. Haya ni maneno mafupi yanayorudiwarudiwa, na msomaji huyajaza kwa muktadha. Wanaoshangazwa na desturi hii wakumbuke kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya hati za Kirumi. Katika maandishi hayo ya kale alama moja ya irabu ilisimamia "i" na "e", nyingine ikasimamia "u" na "o", na mara nyingi "mb" iliandikwa kama "b" tu. Msomaji wa utenzi alijaza mwenyewe kwa kuwa aliijua lugha. Ufupisho haukumfanya msomaji huyo kuwa mjinga, ulimdai ujuzi.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Mfupishaji huitamka tarakimu 2 kwa Kiingereza, kisha huiweka mahali pa silabi "tu" ya Kiswahili. Hupata "m2", "w2", "k2" na "v2", yaani mtu, watu, kitu, vitu. Tazama palipokatwa. Tarakimu imeshika mahali pa mzizi "-tu", na kilichobaki kushotoni ni kiambishi cha ngeli, au walau konsonanti yake. Katika "2taonana" tarakimu imeshika kiambishi cha nafsi, na katika "cjui" herufi "c" imeshika kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya kwanza. Kijana huyu pengine hajasoma mofolojia, lakini amelikata neno mahali pale pale ambapo mwanaisimu angelikata. Si kila mara: katika "ma2nda" tarakimu hulipasua shina. Hata hivyo mifano ya kwanza yatosha kuonyesha kwamba aandikaye hivi hajapoteza hisi ya muundo wa neno.

Tena mji wa Eldoret ungekuwa wa mwisho kuzionea ajabu tarakimu zinazoshika mahali pa maneno. Kabla ya kupewa jina lake la sasa mwaka 1912, mji huu uliitwa "64", kwa kuwa ofisi ya posta ilifunguliwa katika shamba lililobeba nambari hiyo. Wenyeji waliipokea tarakimu ya walowezi wakaitamka "Sisibo". Mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024 ulianza kwa tarakimu iliyogeuzwa neno.

Msamiati

Neno "msee" ni la daraja nyingine. Hili si tahajia, ni Sheng, na aghalabu huhusishwa na neno "mzee". Wataalamu wengi huieleza Sheng kuwa ilishika mizizi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi katika miaka ya 1970, kisha ikaifuata barabara na matatu hadi miji mingine. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliitofautisha na Engsh, ambayo msingi wake ni Kiingereza. Nathan Ogechi wa Chuo Kikuu cha Moi, kilicho karibu na Eldoret, alichunguza mwaka 2005 jinsi Sheng inavyounda maneno. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, aliieleza kuwa aina ya Kiswahili iliyozaliwa Kenya.

Jambo ambalo wachunguzi hawa wanatuwezesha kuliona ni kwamba Sheng haikosi kanuni. "Msee" wingi wake ni "wasee". "Keja", yaani nyumba au chumba cha kupanga, huwa "makeja". "Karao", yaani askari polisi, huwa "makarao". Neno jipya likiingia hupewa kiambishi na hutiishwa. Isitoshe, mwenye kulitumia hujua analolifanya. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayemwita mwenzake "msee" hamwiti hivyo mwalimu mkuu. Akilipenyeza neno hilo katika barua rasmi amekosea sajili, na kosa la sajili husahihishwa kwa kumwonyesha neno linalofaa mahali pale.

Hata hivyo haifai kuisifu Sheng kupita kiasi. Maneno yake hupita upesi, na neno la mwaka huu huenda mwakani likawachekesha waliolitunga. Hati ya shamba, hukumu ya mahakama na maelezo ya dawa haviandikwi kwa Sheng. Mtoto asiyejua lugha nyingine ila hiyo atabaki nje ya milango mingi, na mwalimu anayehofu jambo hilo ana haki ya kuhofu. Kinachopingwa hapa ni dhana kwamba neno la mtaani ni ovu kwa kuwa ni la mtaani, na neno sanifu ni jema kwa kuwa ni sanifu.

Eldoret imelijua jambo hili kwa uchungu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwezi Desemba 2007, ambazo ziliuumiza mji huu na viunga vyake kuliko sehemu nyingi za nchi, mojawapo ya maneno yaliyotumika kuwatenga majirani lilikuwa "madoadoa". Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia neno hilo katika orodha yake ya maneno ya chuki. Neno hili si la Sheng na halikufupishwa. Ni neno sanifu, limo katika kamusi, na hapana mtahini ambaye angelipigia mstari mwekundu. Usafi wa lugha na usafi wa nia ni mambo mawili.

Upatanisho

Sasa yabaki maneno mawili ya sentensi yetu, ambayo walalamikaji huyapita bila kuyatazama: "yangu imepotea". Hapa ndipo kosa lilipo. Neno "kitu" ni la ngeli ya ki-vi, nalo ladai "changu kimepotea". Mwandishi ameandika "k", konsonanti ya kiambishi cha ngeli, kisha akaenda akapatanisha kana kwamba hakuiandika. Kosa hili halikuletwa na simu, kwa kuwa "yangu" haipunguzi chochote kinachostahili kuhesabiwa mbele ya "changu". Halikuletwa na Sheng peke yake pia, kwa kuwa lilikuwapo kabla Sheng haijapata jina.

Kiswahili cha bara kilicho na upatanisho wa aina hii ni kikongwe. Mwaka 1908 msafara wa makaburu ulipanda hadi Uasin Gishu chini ya Jansen van Rensburg, na baada yao walowezi wengine wakayagawana mashamba. Baina ya mwenye shamba na kibarua ikazoeleka lugha iliyoitwa Kisetla, Kiswahili cha amri ambacho ngeli zake zilipuuzwa na kila kitu kikawa "yangu", "yako" na "hii". Si hivyo tu, bali Kiswahili cha bara kilichorahisishwa kilipigwa chapa na kufundishwa. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu chake Up-Country Swahili Exercises, kwa ajili ya walowezi, askari na wafanyabiashara. Basi wakati ule ule Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930, ilipokuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, mashambani kulikuwa na Kiswahili kingine kikifundishwa ambacho hakikujali usanifu huo.

Wako wasemao kwamba kosa hili ni la lugha za mama. Hoja hii ina ukweli nusu. Lugha za Kikalenjin si za Kibantu, na hazina mfumo wa ngeli ulio kama wa Kiswahili. Msemaji wake ana sababu ya kutatizwa. Lakini Kiluhya, Kikisii na Kikuyu ni lugha za Kibantu zenye ngeli nyingi, na hakuna msemaji wake ambaye angevuruga upatanisho katika lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kiluhya anayesema "kitabu yangu" mjini Eldoret hasukumwi na Kiluhya. Anakifuata Kiswahili alichokikuta mjini. Kiluhya kimempa kitu kingine, nacho ni kile kiambishi "-ang-" cha mazoea ambacho huzaa "anakujanga" na "nasomanga".

Kwa muda mrefu shule hazikuwa na nguvu ya kukabiliana na hali hii. Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru. Kabla ya hapo wengi walijifunza Kiswahili sokoni, shambani na kituoni, kisha wakawa wazazi na hata walimu. Hii ndiyo sababu kosa la upatanisho halionekani: limezoewa na sikio la mwanafunzi, la mzazi na la mwalimu pia. "Xaxa" hutokeza mara moja kwa sababu ni geni machoni. "Kitu yangu" hupita kwa sababu ni mwenyeji.

Hasara ya kuikosea hukumu

Mwalimu yeyote aweza kulipima jambo hili darasani kwa dakika kumi. Awape wanafunzi sentensi "xaxa 2taonana wp", awaambie waiandike kwa usanifu. Kisha awape "vitabu zangu zimepotea", awaulize kosa liko wapi. Zoezi la kwanza litamwonyesha ni wangapi walioghafilika tu, na la pili ni wangapi wasiojua. Kughafilika na kutojua ni maradhi mawili, na dawa yake si moja.

Hasara ya kuyachanganya humwangukia mwanafunzi. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, matumizi ya lugha yametengewa alama 40 kati ya 80, na humo upatanisho wa ngeli hauepukiki. Mwanafunzi aliyekaripiwa miaka minne kwa sababu ya "msee" na "xaxa" huingia katika chumba cha mtihani akijihadhari na maneno hayo, huku makosa yanayompunguzia alama yakiwa hayajawahi kuguswa. Tena karatasi hiyo hiyo ina swali la ufupisho lenye alama 15 na swali la isimujamii lenye alama 10. Yaani mtihani wenyewe humtaka mwanafunzi ajue kufupisha na ajue kwamba kila mahali pana sajili yake. Ujuzi anaokemewa ukiwa katika simu yake ndio, ukinolewa, anaodaiwa mezani.

Wala lugha sanifu haiwezi kujitetea kwa kujiweka mbali. Kwa chombo hiki kimoja, watunga istilahi wametupa "rununu", "rukono", "simutamba" na "simu ya mkononi", na kwa ujumbe wake "arafa". Mtaani watu husema "simu" na "meseji", wakaelewana. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo itatimia pale kijana wa Langas atakapoiona lugha sanifu kuwa chombo chake cha kudai, kushtaki, kuomba kazi na kutunga, badala ya kuiona kuwa fimbo ya mtahini.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba tahajia ya simu ni vazi ambalo mwandishi aweza kulivua, kwamba msamiati wa Sheng ni suala la sajili, na kwamba udhaifu wa kweli uko katika upatanisho, nao una umri mkubwa kuliko simu. Yafuatayo hayana budi kufanywa na walimu wa lugha. Makosa ya mwanafunzi yatenganishwe kwa asili yake kabla hayajasahihishwa. Sajili ifundishwe kwa vitendo, mwanafunzi aigeuze arafa kuwa barua rasmi na barua rasmi kuwa arafa. Na upatanisho wa ngeli ufundishwe tangu mwanzo kwa kuusikiliza na kuutamka, maana uliharibiwa na sikio kabla ya kuharibiwa na kalamu.

Wala mwalimu hana haja ya kwenda mbali kutafuta kifaa. Aandike ubaoni "m2, w2, k2, v2". Darasa litacheka, kwa kuwa limeiona lugha yake mahali ambapo halikuitarajia. Kisha aulize: 2 ni nini, na hizo herufi zilizo mbele yake ni nini? Wakijibu kwamba 2 ndiyo isiyobadilika na herufi ndizo zinazobadilika, wameugundua mzizi na kiambishi bila kukaririshwa. Baada ya hapo aandike mbele ya kila moja: wangu, wangu, changu, vyangu. Somo la ngeli litakuwa limeanza, na limeanzia pale mlalamikaji alipodhani lugha imekwisha.

"K2 yangu" ni kosa. Lakini kosa halimo katika 2.